Mama Mkwe na Marehemu wa Dukani Kwangu

Kwa Baba Mkwe Mheshimiwa,
Karani Mstaafu na Mkuu wa Familia.

YAH: KUJA KUMCHUKUA MAMA DUKANI KWANGU

Shikamoo Baba. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, na ukikisoma usikasirike mpaka ufike chini. Ninaandika kwa sababu siku ile nilipokuja kuposa uliniambia kwamba wewe, baada ya kuzeekea ofisini, husikilizi malalamiko ya mdomo. Mwenye neno alilete kwa maandishi na hoja azipe namba. Nimetii. Hata simu sikukupigia, ingawa vocha ninayo.

Sisi hatujambo. Binti yako hajambo. Mama naye hajambo kabisa, na hapo ndipo lilipo tatizo.

Kama unavyojua, kazi yangu ni kaharabu. Nasikia kwa wenzako unasema mkweo anauza shanga. Siuzi shanga, Baba. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale, miti iliyoota kabla binadamu hajaonekana duniani, ukaganda ukawa kama jiwe la rangi ya asali. Naenda machimboni kuchagua vipande vikiwa bado na udongo, ukiviona utadhani sukari guru iliyodondoka njiani. Nikirudi navisafisha, navisugua mpaka ving'ae, kisha navitazama kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi ndani hamna kitu. Siku ya bahati unamkuta mdudu amenaswa humo, mzima, na mbawa zake na miguu yake yote. Hicho ndicho kipande wateja wanachokitafuta, na ndicho kinachomlisha binti yako.

Mama alipofika na begi lake alisema amekuja kupumzika siku mbili tatu. Mligombania nini sijui, na sitaki kujua, yeye akiulizwa anasema, "Kamuulize mwenyewe." Siku mbili tatu zimekuwa miezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sina shamba, nikampa kitambaa cha kusugulia akae nami dukani asichoshwe na kuta za nyumba. Jamani, Baba! Jembe hilo kalimia duka zima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Duka limekuwa matanga. Siku ya kwanza nilimpa kioo amtazame nzi mmoja. Akamtazama weee, kisha akaniuliza amekufa lini. Nikamwambia ni mamilioni ya miaka. Akauliza nani alimlilia. Mimi nitajuaje? Akasema basi maskini wa Mungu hakuliliwa na mtu, akaizima redio yangu, na tangu siku hiyo haijawashwa. Eti hatuwezi kupiga muziki chumba kimejaa marehemu. Mteja akiingia anaambiwa ashushe sauti. Juzi mama mmoja mtu mzima aliingia, akamkuta Mama ameinama na kitambaa chake, akadhani tumefiwa kweli. Akatoa pole, akaweka rambirambi juu ya meza, akatoka kinyumenyume. Baba, rambirambi ya nzi ninaiandika kwenye hesabu gani?

Na huyu Mama anayewahurumia marehemu hawa ndiye yule yule ambaye nyumbani kwangu akisikia mbu chumbani hupigana naye vita, ndala mkononi, mpaka ukutani pabaki alama. Nimemuuliza tofauti ni nini. Akasema, yule wa chumbani tunajuana.

2. Wateja wanahojiwa kama wachumba. Mtu akishika kipande chenye mdudu, anaulizwa anakaa wapi, nyumba yake ina joto kiasi gani, ana watoto wa kurusharusha vitu, na kama ana nia ya kukaa na huyu mdudu au kumpitisha tu kwa mwingine. Kijana mmoja alikuja kumnunulia mchumba wake kidani chenye sisimizi. Mama akamuuliza kwa nini sisimizi. Kijana akajikuna kichwa, akaanza kueleza, akafika mahali akakiri kwamba wamekosana na anataka kununua amani. Mama akamwambia amani hainunuliwi dukani, aende kwa miguu yake akaombe msamaha. Akaenda! Akasamehewa! Sasa kila akipita hapa anamsalimia Mama kwa shangwe, na mimi mwenye duka sipati hata mkono wa salamu. Kidani bado kinaning'inia pale pale. Nakiri kwamba baadaye alirudi akanunua vingine viwili, lakini hiyo siyo hoja.

3. Chumvi. Niliwahi kumweleza, kwa ujinga wangu, kwamba kaharabu halisi huelea kwenye maji yenye chumvi nyingi na ya bandia huzama. Kesho yake nilikuta beseni katikati ya duka na bidhaa zangu zote zinaogelea. Nyumbani mboga imeliwa chapwa, binti yako ananikodolea macho mimi. Vipande viwili vilizama. Naapa sikujua, aliyeniuzia aliapa kwa jina la mama yake mzazi. Badala ya kuvitia kapuni kimyakimya tuyamalize kifamilia, Mama aliviweka dirishani ndani ya glasi ya maji, na karatasi yenye maandishi makubwa: HAWA NI PLASTIKI, TUMEWATAMBUA. Watu wanasimama barabarani kusoma. Wengine wanaingia kuuliza. Wengine wananunua, ndiyo, tena wengi, lakini wananunua huku wakinicheka, na mtu ana heshima yake.

4. Sasa nafika kwenye donda lenyewe. Kuna kipande kimoja, ukubwa wa yai la njiwa, safi kama chai ya rangi. Ndani wamo mbu wawili. Wako uso kwa uso, na mmoja mguu wake umelala juu ya mguu wa mwenzake. Baba, katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kushika kipande kama hicho. Kuna mnunuzi wa vitu vya kale, sisi tunamwita Miwani Miwili kwa sababu moja huivaa machoni na nyingine kwenye paji la uso. Huyo amekitaka tangu alipokiona. Nikikiuza napata mashine mpya ya kusugulia, maana hii niliyonayo inatetemeka mpaka jirani wa ukuta wa pili ananiuliza kama nasaga mahindi. Tena napata kubaki dukani hapa mwaka mwingine bila kumkwepa mwenye nyumba kwa kona kona.

Mama amekataa. Amesema hao ni mume na mke. Nikamweleza kwa adabu kwamba hatujui. Pengine ni ndugu, pengine hawajuani hata kidogo, pengine utomvu uliwakuta katikati ya ugomvi. Akakitazama kipande muda mrefu, akasema, "Hata kama walikuwa wanagombana, hakuna aliyeondoka." Siku hiyo hakula cha jioni. Akakifunga kipande kwenye pindo la kanga yake, na huko ndiko kiliko hadi ninapoandika. Miwani Miwili amekuja na kurudi, amekuja na kurudi. Mimi mwanamume mzima, Baba, nitalifungua vipi pindo la kanga ya mama mkwe?

5. Ugonjwa umehamia kwa binti yako. Zamani nikichelewa kurudi aliniuliza nilikuwa wapi, tukayamaliza. Siku hizi ananiambia, "Watazame wale wenzako kwenye jiwe." Nikisema nimechoka siwezi kwenda kuchota maji, naambiwa yule mbu hata mguu hakuutoa, sembuse wewe na ndoo moja. Mimi sasa napimwa kwa mbu. Na mbu huyo hana kosa jipya atakalolifanya, kwa hiyo sitamshinda milele.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Uje Jumamosi hii umchukue mke wako, kwa upole, na mimi nitabeba begi mpaka kituoni. Ikiwa miguu inakusumbua, tuma barua rasmi ya kumwita nyumbani, yenye sahihi na mhuri. Najua mihuri ya zamani bado unayo. Na ikiwa hilo pia halitawezekana, basi kwa kuwa Mama ameshawaingiza wale mbu katika ukoo, wamekuwa wakwe zako kama mimi nilivyo. Hivyo nakuomba, kama mkuu wa familia, uitishe kikao cha ukoo kitakachowatoa rasmi mbu wawili katika jamaa zetu, ili niweze kuwauza bila lawama. Akidi nitaitafuta mwenyewe. Soda nitanunua mimi.

Sijaandika haya kwa dharau. Mama nampenda, na kaharabu anaisugua vizuri kuliko mimi. Lakini biashara haigombi, Baba, na yangu kila siku inagombezwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani: jirani wa mlango wa pili, fundi viatu wa kona, mjomba mwenye jino moja, na yeyote anayekupikia siku hizi, kama yupo. Binti yako anakusalimu na kukuuliza kama unakula. Mama hajatuma salamu, ila alipoona kalamu alisema niandike kwa herufi kubwa kwa sababu macho yako hayaoni vizuri jioni.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayelalamika kwa heshima zote,

Fundi wa Kaharabu (siyo shanga)

Tanbihi: Baba, barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena. Leo asubuhi nilimwambia Mama kwamba nimekuandikia. Hakugomba. Alifungua pindo la kanga, akaniwekea kile kipande mezani, akasema, "Uza, baba. Duka ni lako." Akaingia chumba cha nyuma. Haukupita muda, Miwani Miwili huyo, na pesa zote mkononi. Nikafurahi, nakuambia ukweli. Nikaanza hata kukifunga kwenye pamba. Ndipo akaniuliza kama ninao msumeno mwembamba wa kupita katikati, maana rafiki yake naye anataka mmoja, na mbu wawili mbalimbali wana bei kubwa kuliko wawili pamoja.

Wallahi sijui ni nani aliyesema kwa mdomo wangu. Nilimuuliza kama ana mke. Nikamuuliza anakaa naye vipi. Nikamwambia hapa kwetu watu hawaachanishwi kwa msumeno, atoke, na akitoka ashushe sauti. Mama alikuwa mlangoni amesikia yote. Amecheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, akaniuliza kama bahasha imeshakwenda posta.

Kwa hiyo hoja zote tano zifute. Mashine itatetemeka hivyo hivyo. Kuja njoo, lakini kumchukua hapana. Beba nguo za kutosha, mahali pa kulala papo. Na ile rimoti ya televisheni ambayo nasikia umegeuza nyumba juu chini ukiitafuta usiitafute tena, iko hapa, alikuja nayo begini. Nilitaka kuituma pamoja na barua, akaninyang'anya. Amesema vitu kama hivyo havitumwi kwa posta, mwenyewe aje aichukue. Ameshaitia betri mpya.