Nahodha wa Kidimbwi

Jumatatu, 16 Juni

Nimekasirika. Mwalimu Gerishom ametangaza kwamba anayetaka unahodha wa chama cha samaki aende kijitoni akavue mwenyewe, alete samaki wazima, awatie katika kidimbwi cha shule. Hesabu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenye samaki wengi ndiye nahodha, na nahodha ndiye atakayetoa hotuba kwenye maonyesho ya sayansi Kilifi.

Hotuba nimekwisha kuiandika! Kurasa nne! Tangu Mei!

Ya nini kushindana? Mimi ni Ruqaiya, mtoto wa wavuvi wa Pate. Nipo huku Marafa kwa sababu Mama ni muuguzi na amehamishiwa zahanati ya hapa. Aliyejitokeza kunipinga ni Kahonzi peke yake. Kwao wanafuga mbuzi.

Jumatano, 18 Juni

Nimempigia simu ami Badawi wa Malindi, ambaye amevua miaka thelathini. Nikamuuliza samaki hula chambo lini. Akasema siku hizi ni maji mafu, bahari haijai wala haitoki sawasawa, nisijisumbue. Ningoje bamvua, Alhamisi ijayo, maji yatakapojaa kwa nguvu. Sikumtajia kijito. Samaki ni samaki.

Baada ya shule nikamkuta Kahonzi ukingoni na fimbo yake, chambo minyoo ya shambani. Nikamweleza kwa upole kwamba anapoteza wakati, maji ni mafu.

Akayatazama maji. Akaniambia, msenangu (ndivyo wanavyomwita rafiki kwao), haya maji yanateremka tangu babu yangu hajaota meno, sijasikia siku yaliyopanda. Akauliza kama nangoja kijito kijae nije shule kwa mashua. Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Alipoiokota, ilikuwa na perege!

Anao sita sasa. Kila mmoja sawa na kidole. Vidole sita, na anatembea kama sultani!

Jumamosi, 21 Juni

Nilikuwa na mpango. Mzuri sana. Nilimwambia Easter wa darasani kwetu, ambaye siri haikai kwake hata dakika, kwamba nimeona mamba kijitoni. Kijito chenyewe kinanifika magotini, lakini mamba anaweza kulala. Nia ilikuwa Kahonzi aogope.

Kufika adhuhuri mamba walikuwa wawili, na mmoja amemeza mbuzi mwenye mimba. Habari zikafika zahanati. Mama akaja mbio na sare yake, akanipiga marufuku kukanyaga kijitoni. Mimi! Nikasema hakuna mamba. Akauliza nimejuaje.

Kahonzi? Alikwenda kumtafuta huyo mamba! Jioni akapita dirishani kwetu, akapaza sauti: ati mamba hajambo, ananisalimu, anauliza mbona siku hizi sionekani.

Nimeuma mto wa kitanda.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeungama kwa Mama. Nimeosha vyombo siku nne. Marufuku imeondolewa. Bamvua!

Nilikwenda na kipande cha pweza mkavu, chambo cha watu wa pwani. Nikakaa. Nikaumwa na mbu. Nikamtukana Kahonzi kimoyomoyo. Kisha mshipi ukavutwa, nikavutwa nao, nikaanguka majini na sare ya shule, lakini sikuuachia. Kambare! Mrefu kama mkono wangu, na ndevu! Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Nilimpeleka shuleni kwa ndoo. Kahonzi alikuwa kidimbwini akiwapa perege wake pumba. Akanisihi nisimtie huyo humo, ati kambare hula wenziwe. Wivu! Nikamtia mbele ya macho yake. Kambare akazunguka mara moja, akatulia kama mgeni mwenye adabu.

Mmoja kwa sita, najua. Kesho nitamwomba Mwalimu apime kwa kilo.

Ijumaa, 27 Juni

Mwalimu Gerishom amepitisha wavu kidimbwini mara tatu, darasa zima tukitazama. Samaki alikuwa mmoja. Mnene kuliko jana.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa heshima kwamba kwa mujibu wa kanuni zake mwenyewe, mwenye samaki wengi ni mimi, mmoja kwa sifuri. Mwalimu akavua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, akamwita Kahonzi mbele.

Kahonzi ndiye nahodha! Hana hata samaki! Na baada ya darasa akanijia, macho mekundu kwa ajili ya perege wake, akasema hotuba yangu aliisikia nilipokuwa nikimsomea Easter, ni nzuri, kama nitamruhusu aisome Kilifi atalitaja jina langu. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Ni hila.

Mwalimu ameniamuru nirudishe samaki sita kidimbwini kabla ya Ijumaa ijayo, ndipo nisamehewe na nifikiriwe unaibu. Sita, kasema. Hakusema wa aina gani.

Sita nitaleta. Kambare watupu.