Kilele Changu na Kile cha Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti
Mkuu wa upimaji ametangaza kambini: ramani ya milima hii itabeba jina la mpimaji mmoja tu, yule ambaye kilele cha upande wake kitakizidi cha mwenzake. Mashariki ni kwangu. Magharibi ni kwa shemeji, kaka yake mke wangu, mtu aliyenifuata mpaka huku kwenye barafu. Nimechungulia kwenye darubini. Kilele chake kinakizidi changu kwa kimo cha mbuzi. Mbuzi tu! Nalala nikitabasamu. Hata mlima unaweza kusaidiwa.

Jumanne, 5 Agosti
Ukungu mzito, huoni hata mkono wako. Safi kabisa! Nimemwambia shemeji tumbo linanisokota. Akanihurumia, akanipa dawa zake. Nikapita nyuma ya hema, nikapanda. Nimebeba mawe mpaka mgongo ukaomba msamaha. Sasa pale juu pana rundo linalonizidi urefu. Kichwa hiki kingekuwa cha mtu mwingine, ningekionea wivu.

Jumatano, 6 Agosti
Anga nyeupe. Nikamwita Mkuu mwenyewe kwenye darubini, nikajiandaa kushangaa. Nikashangaa kweli. Rundo liko juu ya kilele cha shemeji! Changu kipara vilevile. Kumbe kwenye ukungu nilikata kona mapema. Nusura nitafune kofia.

Shemeji akaja kunikumbatia mbele ya watu wote.

"Shemeji, na tumbo lako lile ukapanda kunijengea alama? Nitamwambia dada ameolewa na mtu."

Mkuu akasema mawe ya kubebwa hayahesabiwi, mlima hupimwa kwenye mwamba wake. Kesho kutwa atapanda kupima vilele vyote viwili, ndipo atoe jina.

Alhamisi, 7 Agosti
Mwingine angelia. Mimi nimepiga mluzi asubuhi nzima. Mkuu amenipa siri ya ushindi kwa mdomo wake mwenyewe: mwamba! Mawe yakishikana kwa saruji, nani atasema si mwamba? Mpishi amenipa mfuko uliobaki alipojenga jiko. Tumbo limeanza kunisokota tena, shemeji kaniongezea dawa. Ukungu nao unashuka vizuri. Napanda sasa hivi. Safari hii sikosei ng'o: kilele changu ni cha kulia, ukitokea mlango wa mbele wa hema. Mimi nimetokea wa nyuma, lakini kulia ni kulia.