Niamini, Nimekagua

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kazi ni yangu! Bi Mwanne, mwenye duka la khanga hapa Kariakoo, anataka programu ya oda. Tunajaribiwa wawili, mimi na Sitara. Ijumaa anabaki mmoja. Sitara anaandika polepole kama anachagua mchele. Mimi nimemaliza leo leo. Oda za simu, za dukani, za mtandaoni, zote nimezivisha ganda moja, zionekane sawa, zinapita mlango mmoja muda wowote zinapofika, hata mbili kwa pamoja. Ndani ya ganda kuna oda ya wapi? Mwenyewe sijui tena.

Jumanne, 4 Februari

Kompyuta inalalamika. Eti oda mbili zinaweza kugusa hesabu ya stoo kwa mpigo, hatari. Nimesoma ukurasa mzima, nimetoka kapa. Sitara kanishauri niweke mlinzi mmoja wa stoo ndani ya programu, oda zipange foleni kwake. Nikamjibu kama anapenda foleni aende akapande pantoni Magogoni. Kumbe kuna maneno ukiandika, yanaiambia kompyuta: niamini, nimekagua mwenyewe. Nikaandika. Ikanyamaza! Sijakagua kitu.

Nimempigia mama Magomeni, nikamwambia kazi nimepata. Keshatangaza mtaa mzima.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa! Leo programu yangu imejaribiwa dukani. Ilibaki doti moja. Bi Tatu kainunua kwa simu, Bi Moza kainunua mtandaoni, sekunde ileile. Programu ikawakubalia wote. Stoo inasomeka: doti hasi moja. Hasi moja ndiyo ipi? Nimeitafuta mpaka chini ya meza.

Wote wawili wakaja dukani, kila mtu na ujumbe wake mkononi. Bi Moza kasema hatoki bila khanga. Nikaona isiwe taabu: doti si vipande viwili? Nikate, wagawane! Bi Tatu akauliza, akijifunga kimoja kiunoni, kichwani avae mfuko? Nilishashika mkasi. Nikakata upande sio. Mkasi ukapita katikati ya maandishi, msemo ukabaki nusu huku, nusu kule. Bi Mwanne akaninyang'anya mkasi. Bora angetukana.

Ijumaa, 7 Februari

Kabaki Sitara. Programu yake ilipigwa oda hamsini kwa mkupuo, zikapanga foleni kwa mlinzi, hakuna doti iliyouzwa mara mbili. Roho imeniuma, jamani. Mama bado anapokea pongezi, sijui nitamwambiaje.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa nimeliona: wateja wana haraka.

Kuna duka la dawa Upanga wanataka programu. Nimechukua ileile, palipoandikwa khanga nimeandika vidonge. Kompyuta ikaanza tena malalamiko yake. Nikaiambia iniamini.