Skrini Haichezi Hata Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Nilikuwa nachapa mtihani wa jiografia kwenye laptopu ya shule, mara skrini ikaanza kupepesa. Mistari ya kijani ikashuka kutoka juu. Swali la tatu likavutika mpaka ukingoni. Nikaizima, nikaiwasha. Ikacheza zaidi.

Laptopu ya walimu ni moja na sisi tuko kumi na mmoja, kwa hiyo kuna daftari la zamu. Unasaini kuichukua, unasaini kuirudisha. Ikiharibikia mikononi mwako, unamwandikia mwalimu mkuu barua ya maelezo. Mwalimu mkuu ni mama asiyepandisha sauti. Anakutazama tu juu ya miwani mpaka unataja na makosa ya mwaka juzi.

Barua ya maelezo wiki hii? Thubutu. Ijumaa anamtangaza mkuu wa taaluma, na tumebaki wawili, mimi na Pasi. Pasi anafundisha hisabati. Tulimpa jina hilo kwa sababu mashati yake hayana mkunjo hata saa kumi jioni. Nami nimekwisha kumwambia mama mkwe kwamba cheo ni changu. Anakuja Jumamosi kunipongeza. Mke wangu aliuliza kwa nini sikusubiri kwanza nipewe. Nikamwambia mwanamume hujiamini.

Lakini nimegundua jambo. Ukiinamisha skrini, ukaacha uwazi wa kiganja kimoja tu, inatulia tuli. Kesho saa nne ni zamu ya Pasi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeibeba kwa viganja viwili, imefunguliwa nusu, hatua kwa hatua hadi mezani kwa Pasi. Nikamshauri asiifungue sana, mwanga wake unaumiza macho. Akasema asante kaka, umenijali.

Kisha nikajiwekea kinga. Wenzangu wakirudisha laptopu huandika neno moja tu daftarini: imerudi. Wavivu. Mimi nimeandika hivi: "Nimekabidhi laptopu ikiwa nzima. Skrini haichezi hata kidogo, haina mistari ya kijani, na maandishi hayavutiki." Nikasaini, nikaweka saa na dakika.

Nikakaa dirishani kusubiri kilio. Kimya. Mchana nikaenda kuchungulia. Pasi alikuwa amechomoa waya kwenye king'amuzi cha chumba cha walimu, akaunganisha laptopu na runinga, na kwenye runinga picha imenyooka kabisa! Akawaeleza wote, bila kuulizwa, kwamba picha ikiwa safi huko, basi mashine yenyewe ni nzima na ugonjwa uko kwenye skrini au waya wake. Wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu wa Kiswahili akamwita daktari.

Amekwisha kumwomba mwalimu mkuu alete fundi Alhamisi. Hakumlaumu mtu yeyote. Huyu ni binadamu wa aina gani?

Jumatano, 5 Machi

Bila waya hakuna daktari. Niliwahi kufika, nikauficha kwenye kabati la ramani, ambalo ufunguo wake ninao mimi.

Nilisahau kwamba leo zamu ni yangu.

Mtihani ulitakiwa kabla ya saa nane. Nikachapa nikiwa nimelaza shavu mezani, nachungulia kwenye ule uwazi wa kiganja. Mwalimu wa Kiswahili akauliza kama naumwa. Nikasema natafakari. Mashine ikaniomba ruhusa ya kusasisha programu ya skrini. Nikairuhusu, labda dawa ni hiyo. Saa nzima na nusu! Ikarudi na herufi kubwa kama za tangazo la msiba, na bado inacheza. Nikagundua kuwa ukiibana kona ya nyuma kwa kidole inatulia, ukiachia inaanza tena. Nikamaliza kwa mkono mmoja.

Mtihani umetoka na swali la tano mara tatu. La sita halipo. Ramani iko miguu juu. Pasi aliuona kwenye mashine ya kuchapia akaniuliza, kwa upole wake ule, kama anisaidie kuupitia. Nilikataa. Akausahihisha hata hivyo, na sasa ni mzuri kuliko wa mwaka jana. Sitamsamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amekuja. Mtu mkimya, bisibisi zake ndogo kama sindano. Akaufungua na kuufunga mfuniko polepole, akitazama picha inatulia wapi na inaruka wapi. Akauliza waya wa runinga. Haupo. Tukautafuta. Mimi nilitafuta kuliko wote, hata chini ya zulia.

Akaifungua mashine. Kuna waya mwembamba bapa unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye skrini. Umelegea na umechunika. Akasema hiyo ni kazi ya mtu anayenyanyua laptopu kwa kushika pembe ya skrini. Mwalimu mkuu akauliza ni nani huwa anainyanyua hivyo. Watu kumi wakanigeukia kwa pamoja, bila hata kushauriana.

Sikutetereka. Nikasema daftari lipo, na liseme lenyewe. Nikalileta mwenyewe! Nikamfungulia ukurasa wa Jumanne.

Akausoma kimya. Akausoma kwa sauti. Kisha akarudi nyuma, kurasa baada ya kurasa, akauliza kama kuna mwingine aliyewahi kuandika habari za skrini katika miaka mitatu ya daftari hilo. Hakuna. Akavua miwani. Akaniuliza, taratibu kabisa, nilijuaje Jumanne asubuhi kwamba mistari ni ya kijani.

Nikasema ndiyo rangi ya kawaida ya mistari. Fundi akakohoa.

Barua ya maelezo, Jumatatu, mezani kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Pasi ndiye mkuu wa taaluma. Tumepiga makofi. Yangu yalikuwa makubwa kuliko ya wote, nimehakikisha.

Kabla ya hapo niliutumbukiza ule waya kwenye droo ya Pasi. Nikakaa kungoja fedheha. Akaukuta, akauinua juu mbele ya wote, akamshukuru yeyote aliyehangaika kuutafuta na kumrudishia. Wakampigia makofi tena.

Kisha akanifuata kwenye kona yangu. Akasema ananitegemea, kwamba shule hii hakuna anayeijua jiografia kama mimi, na kwamba amemwomba mwalimu mkuu suala liishie kwenye barua tu. Iliniuma. Angenicheka ningejua pa kumshika. Miaka tisa nimefundisha hapa, nilikitaka kile cheo kweli, na aliyekipata anastahili. Sentensi hii ya mwisho nimeiandika kwa penseli.

Nyumbani mke wangu ameuliza ni nani atampigia simu mama yake. Nikasema niachie mimi. Sijapiga.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amewasili saa tatu asubuhi, gauni jipya, kilemba kipya. Alinishika mikono yote miwili akaniita mkuu. Mke wangu akasimama mlangoni na sufuria mkononi, ananitazama tu.

Nilitaka kusema kweli. Ilifika hadi kwenye meno. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukieleza kwamba nilipewa cheo nikakiachia, nikampisha mwenzangu mmoja mnyonge mwenye shida ya kujiamini. Mama mkwe akalia. Akasema mwanangu, moyo huu si wa kawaida. Sufuria ikawekwa mezani kwa kishindo.

Sasa mama mkwe haondoki leo. Jumatatu atakwenda shuleni kumshukuru mwalimu mkuu ana kwa ana.

Jumapili, 9 Machi

Nimeimaliza barua. Kurasa tatu, na kila mlango umefungwa. Safari hii nimejipanga. Nimeeleza kwamba laptopu sijawahi kuinyanyua kwa pembe. Nimeeleza kwamba mistari ya kijani ni jambo linalojulikana duniani kote.

Halafu nikajiuliza, wakitafuta kosa jingine je? Heri kuwahi. Nikaongeza aya ya mwisho: "Aidha, naomba ifahamike kwamba sihusiki kwa namna yoyote na lile tufe kubwa la dunia la maabara, ambalo halijavunjika vipande viwili, na ambalo halipo nyuma ya kabati la tatu chini ya gunia." Maabara haijafunguliwa tangu likizo. Hakuna anayejua habari za tufe. Ndiyo uzuri wa kuwahi.

Mama mkwe aliniona nikiibandika bahasha, akauliza ni nini. Nikasema ni barua ya kikazi. Akaomba aipeleke yeye, maana anakwenda huko huko, na amwombe mwalimu mkuu aisome kwa sauti wakiwa wamekaa pamoja, apate kusikia mkwe wake anavyoandika. Nimemkabidhi. Mwandiko wangu ni mzuri, na atajivunia.