Fundi Viatu Amkomboa Mfalme Kitini

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nasimulia vita visivyomwaga damu ila rangi.

Palikuwa na ukumbi wa viti mia, na jukwaani pakichezwa komedi ya mfalme mwerevu na mjinga wake. Mfalme alikuwa Kinyozi, simba wa mikasi, mwenye sauti ya ngurumo. Na mjinga, mvaa kofia ya karatasi na njuga miguuni, alikuwa Fundi Viatu, shujaa wetu, mtikisa nyundo, mshinda soli zilizoachama. Moyo wake ulidunda kuliko njuga zake, kwa kuwa safu ya mbele aliketi mama mkwe, aliyekwisha kutamka mlangoni, watu wakisikia: "Nimekuja kujionea. Kama mwanangu kaolewa na mjinga kwelikweli, leo narudi naye nyumbani."

Basi alasiri ile Kinyozi alikuwa amekipaka kiti cha enzi rangi ya dhahabu, tabaka la pili, akafoka: "Asikikalie mtu! Hakijakauka!" Pazia likafunguliwa, naye akakikalia.

Ilipowadia saa ya kusimama atoe hukumu, mfalme aliinuka, na kiti kikainuka naye. Akaketi. Akainuka tena, kikamfuata kama mtumishi mwaminifu.

"Jamani, nimenasa," alinong'ona.

Waziri, ambaye nje ya jukwaa ni Mwalimu Mstaafu, akainua kidole juu. "Ee mtukufu! Jambo hili lataka kamati. Mimi nitavuta kulia, tabibu wako atavuta kushoto, nawe utavuta pumzi!"

Wakavuta kama majeshi mawili yagombaniayo mji, hata joho la mfalme, lililoganda kitini, likalia krrr! Watu wakapiga miluzi. "Fungeni pazia, mnatutia aibu!"

Fundi Viatu akamtupia jicho mama mkwe: alikuwa ameshashika mkoba. Ole wake! Miaka ishirini ya kuishi na gundi ilimfundisha kwamba kilichoganda hakivutwi, kitachanika. Lakini mjinga atamwamuruje mfalme mbele ya kadamnasi? Akaruka katikati, njuga zikalia.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika.

"Nyumba yangu mlango uko kifuani mwa mwenyewe, naye analia kafungiwa ndani!"

Waziri akakuna ndevu zake za pamba. "Jeneza."

"Homa ya mapafu," akasema tabibu.

"Tumeshindwa!" akalia mfalme. "Chukua mji!"

"Mji wa nini, baba, na mwenyewe huwezi hata kuutembelea?"

Hapo mama mkwe akasimama, mkoba ukaanguka. "Joho hilo, enyi vichwa maji! Afungue vifungo atoke!"

"Umepata, mama!" akanguruma Fundi Viatu, akipiga goti. "Mfalme, umesikia, toka nyumbani!"

Kinyozi akafungua kimoja kimoja, akatoka na kaptula yake ya kulalia yenye maua, akatoa hukumu wima, huku joho likiendelea kutawala kitini peke yake. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Na iandikwe, isifutwe: siku ile, saa moja na robo, vifungo saba vilifunguliwa, ufalme ukasimama kwa miguu yake, na mama mkwe akamgeukia jirani asiyemjua kabisa, akampiga kiwiko, akamwambia: "Mjinga yule unayemwona, ni wa kwetu."