Malalamiko ya Mkwe kuhusu Toleo la Bunduki ya Mahari

Schaerbeek, tarehe 3 Mei

Kwako Papa Florent, mkubwa wa familia na baba wa mchumba wangu Graciella,

Nakusalimu wewe na Maman, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Katika orodha ya mahari mliandika vitenge, suti ya baba, gunia la chumvi, na "bunduki moja ndogo ya vingt-deux (risasi ya 22), ya zamani, ya kiwanda cha Liège". Sikubisha, maana anayeoa habishi. Nilipanda treni kituo cha Gare du Nord hadi Liège, nikainunua kwa muuzaji wa silaha za kale, na kibali ninacho. Kumbe mpokeaji ni mdogo wako Tonton Guylain, mlinzi wa ofisi huko Schuman, ambaye zamu zote huzimaliza kwa kusoma vitabu vya wakusanyaji wa bunduki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ya kwanza aliikataa kwa sababu ya kilengeo cha nyuma. Alisema, "Mwana yangu, hii iko na viseur ya kukunja. Miye niliomba ya kuzungusha. Donc, rudisha." Nikarudisha.

2. Ya pili, tundu la kutilia risasi kwenye kitako lilikuwa refu, naye anataka la mviringo. Nilimuuliza kwa adabu tundu lina faida gani kwa mtu ambaye hajawahi kupiga hata kwale. Alinionyesha ukurasa wa kitabu.

3. Ya tatu, aligundua kuwa kitako kiliwahi kubadilishwa. Aligundua wakati mchungaji anafungua kikao kwa sala; sisi tumefumba macho, yeye ameshika kioo cha kukuzia.

4. Sasa anakagua na watu. Maman Yolande, aliyekuja kunisemea kama shangazi, ameambiwa kwamba kwa kuwa ni binamu tu wa baba yangu, yeye ni shangazi wa toleo la pili. Hapokei simu yangu tena.

Papa, vingt-deux ni vingt-deux. Risasi ni ileile, mlio ni uleule. Ukumbi umekodiwa kwa mwezi wa sita, gauni limeshonwa, na nampenda binti yako hadi nakosa usingizi.

Kwa hiyo naomba Tonton naye apimwe kwa sheria yake. Goti la kushoto alibadilishiwa hospitali, meno ya juu ni mapya, nywele zimepakwa rangi. Kwa mujibu wa vitabu vyake huyo si tonton wa asili tena, na asiye wa asili hawezi kupokea cha asili. Mama yenu huko Likasi athibitishe kwa maandishi mwaka aliomtoa na sehemu alizokuwa nazo. Wakati tunangoja majibu, dada yenu Rolande aipokee bunduki ya nne, niliyoinunua jana, Jumamosi hii na bila kioo.

Nisalimie Maman, Rolande, watoto wote, na jirani yenu Mturuki anayewatunzia funguo.

Ni mimi mkwe wako, nikikubaliwa,
Hénock Kalenga

Nyongeza: Jumamosi msitungoje. Graciella ameikagua ya nne kwa kioo alichoazima kwa Tonton. Kilengeo ni cha kuzungusha, tundu ni la mviringo, kitako ni cha asili, na skrubu zote ni za mwaka mmoja na bunduki yenyewe. Anasema kitu kama hiki hakitolewi nyumbani, hata kwa tonton, na harusi ingoje hadi nipate nyingine ya hovyo. Nilimwambia vingt-deux ni vingt-deux. Akanikabidhi kioo niangalie mwenyewe.