Sahani ya Pai ya Bibi Ardith

Lonnie Strack aliiona riziki yake ikiwa imepanga foleni barabarani, imefunga mikanda, na imeanza kulia.

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba, nje kidogo ya mji wa Des Moines, Iowa, na magari ya familia yalisimama pua kwa mkia kutoka geti la shamba la maboga mpaka kituo cha mafuta. Ndani ya kila gari mlikuwa na baba aliyekunja uso, mama aliyeshika simu tayari kwa picha, na watoto waliokwisha kujikojolea au waliokuwa wakilifikiria jambo hilo. Wote walingoja kitu kimoja: walipe kiingilio, waingie katikati ya mahindi yaliyokatwa vichochoro, wapotee.

Msicheke. Huku kwetu mtu anakaa ofisi ya bima wiki nzima akijua kila kona ya maisha yake, msimu wa maboga ukifika anatamani kupotea, mradi choo kiwe karibu na atoke kabla ya chakula cha jioni. Bustani ya wanyama tumeshakwenda mpaka twiga anatusalimia. Jumba la sayansi la watoto tumebonyeza kila kitufe. Yamebaki mahindi, na mahindi, Mungu ashukuriwe, tunayo.

"Wanalipia kupotea," Lonnie alijisemea, macho yamelainika kama ya mtu aliyesikia kwaya. "Mimi napotea bure miaka yote."

Lonnie alikuwa na meno mazuri, kofia ya mkulima asiyewahi kulima, na gari bovu alilolifanya nyumba. Kipasha joto cha gari hilo kilikufa zamani. Majira ya baridi yaliyopita theluji ilimkuta humo ndani, akaamka ndevu zimegandana na blanketi. Aliapa kwamba mwaka huu theluji ikianguka Iowa, yeye awe Florida, miguu ndani ya mchanga wa moto. Alichokosa ni nauli tu, pamoja na kitu kidogo cha kuanzia maisha, maana tajiri hawezi kufika Florida mikono mitupu.

Akaendesha mbele kidogo, akapata alichokitaka: shamba la mahindi makavu yaliyosimama wima, nyumba nyeupe pembeni, na kwenye kibaraza bibi mmoja mwenye mashavu mekundu, anafuma soksi.

"Habari za mchana, bibi," alisema Lonnie, kofia kifuani. "Shamba zuri hili. Ni lako?"

Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Wewe unamwona mtu mwingine hapa?"

"Sioni, bibi."

"Basi kaa ule pai, mwanangu. Mtu mwembamba hivyo ananitia huzuni."

Jina lake Ardith. Pai ilikuwa ya matufaha, ya moto, katika sahani nzito ya kioo yenye maua ya buluu. Kufikia kipande cha pili Lonnie alikuwa amekwisha kumweleza mpango: yeye angekata vichochoro kwa mashine ya kukatia nyasi, angebandika vibao, familia zingekuja, na mapato wangegawana nusu kwa nusu.

"Mimi sijui mambo ya biashara," alisema Bibi Ardith, akimkatia kipande cha tatu. "Ila iwe Jumamosi. Jumamosi watu huwa na furaha. Na uanze asubuhi mapema."

"Na wewe, bibi, utakaa getini na kopo la pesa. Hakuna mtu anayebishana bei na bibi anayefuma soksi."

"Loo! Mtoto ana akili huyu," alisema bibi. "Chukua hii pai iliyobaki ukale kwenye gari. Sahani utanirudishia."

Hapo ndipo Lonnie alipotulia moyo kabisa. Kila aliyelelewa Iowa anaijua sheria ya sahani. Mwanamke wa huku anaweza kumsahau mume kituo cha mafuta, lakini sahani yake ya kuokea ataifuata hadi kaburini. Na wewe uliyeazima hurudishi sahani tupu. Unatia biskuti, unatia mayai, unatia hata nyanya mbovu, lakini tupu hurudishi. Kwa hiyo mwanamke akikuachia sahani amekuachia roho yake, na mtu aliyekuachia roho yake humwombi hati ya shamba. Hata kuuliza ni utovu wa adabu. Lonnie, ambaye aliwahi kumuuzia mchungaji kengele ya kanisa la mchungaji huyo huyo, hakuuliza.

Jumamosi asubuhi kibao chake kilisimama njia panda, hatua chache kabla ya foleni ya lile shamba la maboga. Gari la kwanza likakata kona. Baba mmoja mwenye viatu vya kutembelea zuliani, jina lake Brent, akashusha kioo.

"Kwani hapa hakuna foleni?"

"Hapa hatupokei kila mtu, mzee."

"Kiingilio kiasi gani?"

"Mara mbili ya kule."

"Mara mbili! Kwa nini?"

Lonnie akamwinamia, sauti ya chini. "Kwa sababu kule wanakwenda watu wote."

Brent akamtazama mkewe. Mkewe akaitazama foleni ya watu wote. Wakalipa, nao wakaingia wamenyoosha shingo kama walioitwa ikulu.

Kufikia saa tano uwanja ulijaa magari. Bibi Ardith alipokea pesa, akazitia kwenye kopo la kahawa, akamwita kila mtoto "kipenzi cha bibi". Lonnie naye, kwa kuwa nusu kwa nusu ilikuwa inamkereketa, alibuni shughuli ya pembeni ambayo bibi hakuwa na haja ya kuijua: Mavuno ya Kizamani. Ukilipa tena, kwa Lonnie mwenyewe, mkononi, unaruhusiwa kuvunja mahindi kwa mikono yako na kuyarundika mwisho wa mstari. Ni kazi ambayo babu zetu waliilia machozi, wakakimbilia mjini kuikwepa. Wajukuu wakailipia. Pesa hizo hazikufika kwenye kopo. Zilishuka ndani ya soksi ya Lonnie, na kila akitembea akasikia raha kwenye kifundo cha mguu.

Tatizo lilikuwa moja. Vichochoro vile Lonnie alivikata bila ramani, akikata huku anaimba, na sasa hata yeye hakujua kipi kinaingilia wapi na kutokea wapi.

"We bwana!" Sauti ya Brent ilitoka katikati ya mahindi. "Nimekipita hiki kiatu cha mtoto mara tatu!"

"Hongera, mzee! Wengine hawajakiona hata mara moja!"

"Mke wangu anataka choo!"

"Hiyo ni kama walivyoishi mababu!"

Wengine wakaanza kuguna. Mtoto mmoja akalia, na wengine wakaona ni wazo zuri. Bibi Ardith akaweka soksi yake chini.

"Lonnie mwanangu, nenda ukawatoe hao. Wakianza kudai pesa zao itakuwa aibu."

"Na kopo, bibi?"

"Kopo ninalo mimi," alisema bibi kwa upole. "Usijali kopo."

Lonnie akaingia. Akapinda kushoto, akapinda kulia, akakutana na kiatu. Akapinda kulia, akapinda kushoto, akakutana na kiatu. Mara ya tatu akamkuta Brent amekaa chini na familia nne zilizomzunguka, wanagawana kipande cha mwisho cha jibini kama watu waliozama na meli.

"Umekuja kututoa!" alisema mke wa Brent.

"Nimekuja kuwapa moyo," alisema Lonnie.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Kitu kikubwa kilinguruma upande wa barabara, kikisogea, na ndege wakaruka kutoka mahindini. Watoto wakapiga makofi. Watu wazima wakainua simu juu kupiga picha.

"Hii imo kwenye kiingilio?" Brent aliuliza.

Lonnie alikuwa mtoto wa Iowa. Mlio wa mashine ya kuvunia mahindi aliujua tangu tumboni. Aliweka mikono mdomoni akapiga yowe ambalo hakuna mchezaji wa maigizo angelipata hata kwa kulipwa.

Mashine ikazimwa. Juu yake, kwenye ngazi, akasimama mzee mrefu mwenye ovaroli, Merle Tjaden. Akayatazama magari uwanjani. Akavitazama vichwa vilivyochomoza kati ya mahindi. Merle ni mtu wa huku. Angekuta nyumba yake inawaka angebisha hodi kwanza.

"Habari za mchana," aliita. "Samahani, sitaki kuwasumbua. Naomba kuuliza tu, mnafanya nini kwenye mahindi yangu?"

Merle akapanda juu zaidi, akaanza kuwaelekeza. "Kushoto, mama. Kushoto tena. Wewe mwenye kofia, hapana, hiyo ni kulia." Wakatoka mmoja mmoja, wakimshangilia, na watoto wakasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Lonnie alitoka wa mwisho. Getini kiti kilikuwepo, soksi iliyofumwa nusu ilikuwepo. Bibi hakuwepo. Kopo halikuwepo. Akakimbilia gari lake, akaona kwenye kiti cha mbele ile sahani ya maua ya buluu, makombo tu ndani yake, akashusha pumzi.

"Atarudi," alimwambia Merle, ameikumbatia kifuani. "Bibi Ardith, mwenye shamba. Sahani yake hii hapa."

Wakati huo akafika LaVonne, mke wa Merle, amebeba chakula cha mumewe cha mchana. Akasimama.

"Hiyo sahani umeitoa wapi?"

Akaichukua, akaigeuza. Chini yake palibandikwa kipande cha selotepu, kama kina mama wote wa kanisani wanavyobandika, na juu ya selotepu jina: LaVonne Tjaden. Lonnie alikuwa amekula pai mpaka kioo kikang'aa, lakini kugeuza sahani hakuwahi.

"Kumbe yule bibi!" alisema LaVonne. "Alikuja kwenye chakula cha pamoja kanisani, mgeni, akala mara tatu, akaazima na sahani yangu. Akaniuliza shamba hili la nyumba tupu tutalivuna lini. Nikamwambia Jumamosi, mchana. Nilidhani anataka kutuombea hali ya hewa."

Lonnie akalikumbuka lile swali la kibarazani. Unamwona mtu mwingine hapa? Bibi wa watu hata uongo hakusema.

LaVonne akachungulia ndani ya sahani. Uso ukambadilika.

"Na ulikuwa unataka kuirudisha tupu?"

Merle akavua kofia. Watu waliokuwa tayari kusamehe utapeli, uvamizi na kukosa choo, wakarudi nyuma hatua moja. Mke wa Brent akamziba mtoto wake macho.

Kuna mambo hata mjanja hawezi kuyabeba. Lonnie akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akamimina Florida yake yote ndani ya maua ya buluu.

"Asante," alisema LaVonne. "Zina joto."

"Sasa haya yaliyolazwa na kukanyagwa," alisema Merle, akiyaangalia mahindi, "mashine haiwezi kuyaokota. Yanataka mkono. Sitaki kukulazimisha, kijana. Sherifu wa polisi hapa ni shemeji yangu, naye pia hapendi kulazimisha."

Lonnie akaingia mstarini, mguu mmoja hauna soksi, akaanza kuvunja hindi moja moja. Mawingu ya kijivu yalikuwa yakikusanyika upande wa kaskazini. Pale uwanjani hakuna gari lililoondoka. Brent akamsogelea Merle, pochi mkononi.

"Mzee, kumtazama huyu ni kiasi gani?"

Merle Tjaden, ambaye hakuwahi kumdhulumu mtu hata punje, alikuna kidevu akawaza.

"Kule kwa wenzetu wanatoza kiasi gani?"

Brent akamwambia.

"Basi hapa mara mbili," alisema Merle.